Kuchungulia nyaraka kabla hazijatoka: yanayotokea kati ya faili na ukurasa

Umekuta kosa kwenye mwongozo wa programu unayoitumia. Neno limerukwa, au amri imeandikwa vibaya, na marekebisho yake unayajua. Unanakili hazina ya mradi, unaingia kwenye folda iitwayo `docs`, unafungua faili, na unachokiona hakifanani hata kidogo na ukurasa uliokuwa ukiusoma. Hakuna rangi, hakuna menyu ya pembeni, hakuna kisanduku cha kutafutia. Kuna maandishi matupu yaliyochanganyika na nukta mbilimbili, vinyota, mistari ya alama za usawa na maneno kama `toctree`. Unarekebisha neno lako moja, halafu unajiuliza: nitajuaje kwamba sijaharibu kitu?

Jibu fupi ni amri moja, ya zana inayozigeuza faili hizo kuwa kurasa, kama Sphinx au MkDocs. Kwa mradi unaotumia Sphinx utaandika `make html` ndani ya folda ya nyaraka. Kwa MkDocs utaandika `mkdocs serve`. Ukibahatika, muda si mrefu ukurasa uko mbele yako. Makala haya ni ya siku ambayo hukubahatika, na ya ile siku mbaya zaidi ambapo kila kitu kilionekana safi kwenye kompyuta yako kikaja kuvunjika kilipofika kwa wasomaji. Siku hizo mbili zina mzizi mmoja. Kati ya faili uliyoandika na ukurasa unaosomwa kuna mtambo, na mtambo huo haufanyi kazi ileile kila unapowashwa.

Mtambo wenyewe umetoka wapi

Hadi toleo la 2.5, nyaraka rasmi za lugha ya Python ziliandikwa kwa LaTeX, mfumo uliozoeleka kwa wanahisabati na wachapaji wa vitabu. Mtu aliyejua Python vizuri lakini hajawahi kugusa LaTeX alipata shida hata kuongeza aya moja. Georg Brandl aliandika zana ya kuzalisha nyaraka hizo kutoka reStructuredText, mtindo wa maandishi ya kawaida yenye alama chache, na Python 2.6 ilipotoka mwaka 2008 mwongozo wake ulikuwa umeshahamia huko. Zana hiyo ndiyo Sphinx, na mwaka huohuo ilitolewa kwa yeyote aliyeitaka. Miaka minne kabla yake, mwaka 2004, John Gruber alikuwa ameitoa Markdown, ambayo ni rahisi zaidi kuandika ingawa ina uwezo mdogo zaidi. MkDocs, iliyoanzishwa na Tom Christie mwaka 2014, imejengwa juu ya Markdown hiyo. Zipo nyingine nyingi: Jekyll, Hugo, Docusaurus, mdBook ya watu wa Rust. Zinatofautiana sana ukizitazama kwa karibu, ila wazo ni moja. Maandishi yakae kwenye faili za kawaida, pembeni ya msimbo, ndani ya Git ileile inayotunza historia ya msimbo, ili anayebadilisha kazi ya programu abadilishe na maelezo yake kwa mkupuo mmoja.

Faida hiyo ina gharama yake. Mwandishi wa kawaida huandika na kuona alichoandika hapohapo. Mwandishi wa nyaraka za programu huandika kitu kimoja, na msomaji huona kitu kingine kilichozalishwa kutokana nacho, sawa na mwanaprogramu anavyoandika msimbo na mtumiaji akaona dirisha lenye vitufe. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema "nimesoma faili, iko sawa" akawa na uhakika. Faili inaweza kuwa sawa na ukurasa ukawa na walakini.

Safari ya ukurasa mmoja

Tuchukue Sphinx, kwa kuwa ndiyo yenye hatua zinazoonekana waziwazi. Ukiandika amri ya kujenga, kazi hupitia hatua mbili kubwa.

Kwanza inasoma. Kila faili inafunguliwa na kugeuzwa kuwa mti: hati ina sehemu, sehemu ina kichwa na aya, aya ina maneno, mengine ni ya kawaida na mengine ni viungo. Mti huo bado si HTML, lugha ambayo kivinjari huisoma. Unahifadhiwa kando, na wakati huohuo Sphinx inajaza daftari la majina: lebo fulani iko kwenye ukurasa fulani, kitendakazi fulani kimeelezwa mahali fulani, ukurasa huu ni mtoto wa ule. Ukichungulia ndani ya folda ya matokeo utaikuta faili ya `environment.pickle`, hilo ndilo daftari.

Pili inaandika. Sasa miti yote inapitiwa upya, viungo vinatafutiwa shabaha zake kwenye daftari, na kila mti unamiminwa kwenye kiolezo cha HTML chenye menyu, kichwa na mkia.

Kwa nini hatua mbili? Kwa sababu ukurasa wa kwanza unaweza kutaja kitu kilichoelezwa kwenye ukurasa wa arobaini, na wakati wa kusoma wa kwanza, wa arobaini bado haujafunguliwa. Hauwezi kuandika kiungo kwenda mahali usipopajua. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloeleza kwa nini kuchungulia faili moja peke yake ndani ya kihariri cha maandishi hakutoshi. Kihariri chako kinaweza kukuonyesha Markdown ikiwa imepambwa vizuri, vichwa vikubwa, orodha zimejipanga. Hakijui kurasa nyingine. Hakijui menyu. Hakijui kwamba lebo uliyoitaja ilifutwa mwaka jana.

Daftari lina kazi nyingine ya pili, ya kuokoa muda. Ukijenga mara ya pili baada ya kubadilisha faili moja, terminali itakuandikia kitu kama hiki:

`updating environment: 0 added, 1 changed, 0 removed`

Yaani hakuna ukurasa ulioongezwa, mmoja umebadilika, hakuna uliotolewa. Sphinx itasoma huo mmoja tu na kuandika ule uliobadilika pamoja na kurasa chache zinazouhusu. Kwa mradi wenye kurasa mia nne hiyo ni tofauti ya kusubiri sekunde tatu au kwenda kuchota maji ukarudi. Mstari huo uukumbuke, maana tutaurudia: humo ndimo uongo wa kwanza unamojificha.

Kabla ya kujenga, maktaba zikae sawa

Wengi wanaokwama hukwama hapa, hata kabla hawajaona ukurasa mmoja. Nyaraka zina maktaba zake: zana yenyewe, mandhari, na programu-jalizi kadhaa. Mradi ulio makini huziorodhesha kwenye faili, mara nyingi `docs/requirements.txt`, nawe unazisakinisha ndani ya mazingira pepe ili zisigombane na za miradi mingine:

`python -m venv .venv`

kisha unayawasha na kuendesha `pip install -r docs/requirements.txt`. Hiyo `venv` imo ndani ya Python yenyewe tangu toleo la 3.3, kwa hiyo kwa kawaida hakuna cha kupakua.

Orodha hiyo ikitaja majina bila namba za matoleo, usiiamini. Mwezi Machi 2022 Jinja2, maktaba ya violezo ambayo Sphinx inaitegemea, ilitoa toleo la 3.1 lililoondoa vitu vilivyokuwa vimeshatangazwa kuwa vitaondolewa. Miradi iliyokuwa imeshikilia Sphinx ya zamani lakini ikaiacha Jinja2 ijichagulie toleo jipya iliamka na kukuta nyaraka hazijengeki, na ujumbe wa kosa ukisema jina `environmentfilter` haliwezi kuingizwa kutoka `jinja2`. Hakuna aliyegusa hata herufi moja kwenye nyaraka zake. Mpaka leo ukinakili mradi wa zamani unaweza kukutana na ujumbe huo. Dawa ni kuandika namba kamili za matoleo, ama kupandisha Sphinx yenyewe.

Halafu kuna jambo la nyaraka kuihitaji programu yenyewe. Sphinx ina kiendelezi cha `autodoc` kinachotoa maelezo ndani ya msimbo: unaandika maelezo ya kitendakazi palepale kilipo, na ukurasa unajijaza wenyewe. Ili kufanya hivyo, `autodoc` huiingiza moduli yako kama programu nyingine yoyote inavyofanya. Maana yake moduli lazima iingizike. Ikihitaji maktaba nzito ya hesabu au kiendeshi cha hifadhidata, lazima viwepo, au utaje majina yake kwenye mpangilio wa `autodoc_mock_imports` ili Sphinx ijifanye vipo.

Ila "iingizike" si kitu kimoja na "iingizwe ile unayoihariri". Nilijifunza hilo kwa taabu. Nilibadilisha maelezo ya kitendakazi kimoja, nikajenga, ukurasa ukabaki na maneno ya zamani. Nikafuta matokeo yote, nikajenga upya, vilevile. Nikaanza kukishuku kivinjari, nikasafisha kache yake, nikafungua kingine. Nusu saa ikakatika. Kumbe siku chache kabla nilikuwa nimeisakinisha programu kwenye mazingira yale kwa `pip install .`, ambayo hunakili msimbo na kuuweka pembeni. Sphinx ilikuwa ikisoma nakala ile ya pembeni kwa uaminifu kabisa, wakati mimi nahariri faili nyingine. Ningeandika `pip install -e .` toka mwanzo, mazingira yangeelekezwa kwenye folda yangu ya kazi, na mabadiliko yangeonekana. Siku hizi ukurasa ukikataa kubadilika, swali langu la kwanza ni faili ipi hasa inasomwa.

Kufungua ulichojenga

Ujenzi umekamilika, terminali imekwambia `build succeeded`. Kurasa ziko `docs/_build/html` kwa Sphinx, au folda ya `site` kwa MkDocs. Unaweza kubofya mara mbili `index.html` na kivinjari kikaifungua, anwani ikianza na `file://`. Kwa Sphinx njia hii inafanya kazi vizuri kwa sehemu kubwa. Kwa MkDocs utaona mambo mawili ya ajabu: utafutaji haufanyi kazi, na ukibofya kiungo cha menyu unaletewa orodha ya faili badala ya ukurasa.

Hakuna kilichoharibika. Utafutaji wa MkDocs hutegemea kivinjari kuomba faili ya faharasa kwa kutumia msimbo wa JavaScript, na vivinjari hukataa maombi ya namna hiyo kwa kurasa zilizofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye diski, kwa sababu za usalama. Viungo navyo vinaelekea kwenye folda, mfano `usakinishaji/`, kwa matarajio kwamba kuna seva itakayojua kwamba aliyeomba folda anataka `index.html` iliyomo. Kwenye diski hakuna seva, kwa hiyo hakuna wa kujua hivyo.

Basi unahitaji seva. Si lazima iwe kubwa. Python inayo ndogo ndani yake:

`python -m http.server 8000 --bind 127.0.0.1 --directory docs/_build/html`

Kisha unafungua `http://127.0.0.1:8000`. Anwani ya `127.0.0.1` ni kompyuta kujiongelesha yenyewe. Hakuna kinachotoka kwenda kwenye mtandao, na huhitaji intaneti. Watu huiacha ile sehemu ya `--bind` kwa kuona ni mapambo. Bila hiyo, seva hii ya Python husikiliza kwenye anwani zote za mtandao za kompyuta, na yeyote aliye kwenye Wi-Fi hiyohiyo anaweza kuzisoma kurasa zako, mradi ukuta wa moto haujamzuia. Wakati mwingine ndicho unachokitaka, kwa mfano kutazama ukurasa kwenye simu uone kama jedwali linaenea. Lakini ufanye ukijua unafanya. `mkdocs serve` ni mpole zaidi: bila kuambiwa vingine, hubaki `127.0.0.1`.

Namba 8000 ni poti, yaani mlango ambao seva husikilizia, na kwa bahati mbaya zana nyingi huipenda hiyohiyo. MkDocs hutumia 8000, `sphinx-autobuild` 8000, seva ya Python 8000. Jekyll iko 4000, Hugo 1313, mdBook na Docusaurus wote 3000. Ukiona kosa linalosema anwani inatumika tayari, kuna seva uliyoisahau kwenye terminali nyingine. Afadhali hata upate kosa. Kuna siku utafungua 8000 bila kusoma terminali na kukuta nyaraka za mradi mwingine kabisa, zile za juzi, zikikungoja kwa utulivu.

Seva inayokutazama ukiandika

`mkdocs serve`, `sphinx-autobuild`, `hugo server` na wenzao wanafanya zaidi ya kugawa faili. Wanaitazama folda yako. Ukihifadhi faili, wanajenga upya na kukiambia kivinjari kijipakie, na kuambiwa huko kunawezekana kwa sababu waliupachika ndani ya kila ukurasa msimbo mdogo unaobaki ukiwasiliana na seva. Ni raha tupu. Unaandika upande wa kushoto wa skrini, ukurasa unabadilika upande wa kulia.

Hata hivyo seva huitazama folda iliyoambiwa, basi. `sphinx-autobuild` hutazama folda ya nyaraka. Ukibadilisha maelezo yaliyomo ndani ya msimbo kwenye `src`, haitashtuka mpaka uiongezee `--watch src`. Jekyll haisomi tena `_config.yml` ikiwa imeshawaka. Ukibadilisha kitu humo, zima na uwashe. Docusaurus huwasha lugha moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo anayetafsiri nyaraka kwa Kiswahili ataendelea kuona Kiingereza mpaka atakapoandika `npm run start -- --locale sw`. Na MkDocs inapohudumia huweka kurasa zake kwenye folda ya muda. Ile `site` unayoiona kwenye mradi ni ya mara ya mwisho ulipoandika `mkdocs build`, huenda ni ya mwezi uliopita. Mtu akiipakia hiyo kwenye seva yake kwa kudhani ndiyo aliyokuwa akiitazama, atashangaa.

Mahali ambapo uchunguliaji hudanganya

Rudi kwenye ule mstari wa `1 changed`. Umeongeza ukurasa mpya na kuutaja kwenye `toctree`, yaani orodha inayozaa menyu, ya ukurasa wa mbele. Sphinx inausoma mpya, inauandika upya wa mbele, inaishia hapo. Kurasa nyingine zote, ambazo menyu zao za pembeni zilipaswa kuonyesha ukurasa mpya, hazikubadilika, kwa hiyo hazikuandikwa upya, kwa hiyo menyu zao ni za zamani. Unazunguka kwenye nyaraka: hapa ukurasa mpya upo, pale haupo. Mtu asiyejua ataanza kuharibu mpangilio wake uliokuwa sahihi. Kinyume chake pia hutokea, nacho ni kibaya zaidi. Unafuta au kubadilisha jina la faili, lakini HTML yake ya zamani inabaki kwenye folda ya matokeo, na kiungo ulichokiandika kwa mkono kwenda huko kinaendelea kufunguka kwako. Kwa wasomaji hakitafunguka. Kwa yote mawili dawa ni `make clean` kisha `make html`, au uifute `_build` kwa mkono. Hamna cha thamani ndani yake, na haipaswi hata kuingia kwenye Git.

Uongo wa pili unatoka kwenye mfumo wa faili. Kwenye Windows na macOS, kama zinavyokuja kiwandani, `Dirisha-Kuu.png` na `dirisha-kuu.png` ni faili moja. Kwenye Linux ni mbili. Picha uliyoihifadhi kwa herufi kubwa na kuitaja kwa herufi ndogo itaonekana vizuri kwenye kompyuta yako siku zote, na seva inayochapisha, ambayo karibu kila mara ni Linux, haitaiona. Binafsi naandika majina yote ya faili za nyaraka kwa herufi ndogo na vistariungio, na sijawahi kujutia.

Wa tatu ni mzizi wa anwani, na huu umewasumbua watu wengi kuliko yote niliyoyataja. Ukichungulia, nyaraka zako ziko juu kabisa: `http://127.0.0.1:8000/`. Zikichapishwa, mara nyingi zinakaa ndani ya njia fulani, tuseme `/mradi/`. Kiungo kilichoandikwa `/picha/nembo.png`, kinachoanza na mkwaju, hakimaanishi "kutoka hapa nilipo". Kinamaanisha "kutoka juu kabisa". Kwako juu kabisa ni nyaraka, kinapata picha. Kwenye seva juu kabisa ni tovuti nzima, na picha ipo ngazi moja chini. Andika viungo kwa kuhesabu kutoka kwenye faili uliyomo, `../picha/nembo.png`, vitafanya kazi kote. MkDocs husaidia kidogo: ukiijaza `site_url` pamoja na ile njia, `mkdocs serve` itaziweka kurasa chini ya njia hiyohiyo hata kwenye kompyuta yako, na kiungo kibovu kitaonekana mapema. Ni mstari mmoja kwenye `mkdocs.yml`, na sielewi kwa nini miradi mingi huuacha.

Maonyo yasiyosomwa

Tuangalie mistari mitatu ambayo Sphinx inaweza kuitoa kwa pamoja:

`usakinishaji.rst:14: WARNING: Title underline too short.`
`usakinishaji.rst:52: WARNING: undefined label: 'mipangilio-ya-seva'`
`historia.rst: WARNING: document isn't included in any toctree`

Wa kwanza unasema mstari wa alama uliopigwa chini ya kichwa ni mfupi kuliko kichwa. Pengine ulibadilisha "Kusakinisha" kuwa "Kusakinisha kwenye Windows" ukasahau kuurefusha. Ukurasa utatoka sawa tu. Wa pili unasema mahali ambapo msomaji alitarajia kiungo, atakuta maneno matupu yasiyobofyeka. Wa tatu unasema ukurasa mzima umejengwa na upo, lakini hakuna menyu inayompeleka mtu huko. Umeandikwa na umezikwa. Yote matatu yana rangi moja na yanaishia kwa neno lilelile la faraja, `build succeeded`. Kwenye mradi ulioacha maonyo yakajikusanya mpaka mia mbili, la mia mbili na moja halina wa kulisoma.

Ndiyo maana ipo `-W`, nyongeza ya amri ya kujenga ya Sphinx, inayoyageuza maonyo kuwa makosa na kuifanya amri ishindwe. Ongeza `-n` uione sura nyingine: Sphinx kwa kawaida hunyamaza inapokosa shabaha ya marejeo mengi ya vitendakazi na aina za data, na `-n` inaitaka iseme. Mara ya kwanza utakapoziwasha zote mbili kwenye mradi mkongwe, jiandae kwa kimbembe. Kwa MkDocs ni `mkdocs build --strict`, ila nayo ina upofu wake. Kiungo kinachoelekea kwenye faili isiyokuwepo huleta onyo, lakini kinachoelekea kwenye kichwa kisichokuwepo ndani ya faili iliyopo hutajwa kama taarifa tu, mpaka uinue kiwango hicho mwenyewe kwenye sehemu ya `validation`. Docusaurus ndiyo kabisa: ukaguzi wa viungo vilivyovunjika hufanyika kwenye `build` pekee. Unaweza kuchungulia kwa `start` wiki nzima bila kuambiwa lolote.

Viungo vya kwenda nje ni habari nyingine. Sphinx ina `make linkcheck`, inayobisha hodi kila anwani ya nje na kuripoti zilizokufa. Ni ya polepole, inahitaji mtandao, na baadhi ya tovuti huikataa kwa kuiona ni roboti. Naiendesha mara chache, na siiweki kwenye ukaguzi wa kila badiliko, maana utakuja kuzuiwa usirekebishe herufi moja eti kwa sababu tovuti ya mtu mwingine imelala.

Baada ya yote hayo kuna jaribio moja ambalo hakuna seva ya kuchungulia inayoweza kukufanyia. Tuma kazi yako kwenye tawi lako, nenda kwenye folda tupu kabisa, nakili hazina upya, tengeneza mazingira pepe mapya, na ujenge kwa kufuata maelekezo ya mradi neno kwa neno, `-W` ikiwa imewashwa. Hapo ndipo inapoonekana ile picha uliyoisahau kuiongeza kwenye Git, ambayo kwenye folda yako ya kazi ilikuwepo muda wote. Hapo pia ndipo inapoonekana maktaba uliyoisakinisha kwa mkono siku moja ukasahau kuiorodhesha.

Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, kwenye mradi ambao si wangu, nilikwama hatua ya pili. Maelekezo ya kujenga nyaraka yaliitaja faili ya maktaba ambayo ilikuwa imeshahamishiwa folda nyingine. Maelekezo hayo yalikaa kwenye `CONTRIBUTING.md`, faili ya mwongozo kwa wachangiaji, nje ya folda ya `docs`, kwa hiyo hakuna zana iliyokuwa ikiyasoma wala kuyakagua, na wenyeji wa mradi hawakuwa na haja ya kuyafuata kwa kuwa wao walishasakinisha kila kitu zamani. Kosa la tahajia lililonipeleka pale likasubiri kwanza. Badiliko langu la kwanza kwenye mradi ule lilikuwa njia moja ya faili, mstari wa kumi na moja.